Mashine za mkaa mbadala za "bei ya kiwandani" kutoka China: hiyo bei ni ya kitu gani hasa?

Wakuu, habari za muda huu. Nimenyamaza vya kutosha. Kila nikifungua simu nakutana na tangazo jipya: mashine ya mkaa mbadala moja kwa moja kutoka kiwandani, bei ya kutupa, unamimina pumba huku unachukua mkaa kule. Chini yake watu wa Magu, Misungwi na Sengerema wamejazana kuuliza "mpaka Mwanza shilingi ngapi?" Jamani, kabla hamjatuma hela, someni hapa.

Sisi ni kikundi cha vijana huku Igoma. Tulichukua mkopo wa asilimia 10 wa halmashauri, ule wa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Wazo lilikuwa zuri na bado ni zuri. Taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 zimeagizwa kuachana na kuni na mkaa wa miti, kwa hiyo shule zinatafuta nishati nyingine. Pumba za mpunga kwenye mashine za kukoboa zimerundikana mpaka watu wanazichoma moto ili wapate nafasi. Malighafi ipo, mteja yupo, kilichobaki ni mashine.

Kabla ya kulipa tulimuuliza muuzaji kwa maandishi: sisi tuna pumba za mpunga, mashine hii itaziweza? Akajibu inaweza kila kitu. Pumba, vumbi la mbao, mabua ya pamba, maganda ya karanga, vyote sawa. Maandishi hayo ninayo mpaka leo.

Sasa sikilizeni alichotuuzia. Mashine ile inabana pumba kwenye bomba lililozungushiwa hita, joto linafika karibu nyuzi 300, pumba zinashikana zenyewe bila gundi. Kinachotoka ni gogo la pumba zilizobanwa, lenye tundu katikati. Hizo ni kuni! Ili ziwe mkaa lazima ziingie kwenye tanuri na kuchomwa bila hewa ya kutosha, na tanuri linauzwa peke yake. Bei yake ilitajwa baada ya salio kulipwa. Tangazo liliandikwa mashine ya mkaa, picha ilikuwa ya mkaa mweusi unaong'aa, video ilikuwa ya jiko linawaka. Mtu anayeuza kitu hicho kila siku hawezi kusema hajui tofauti ya kuni na mkaa.

Na hilo bado ni dogo. Moyo wa mashine ile ni skrubu, chuma chenye mapindo kinachosukuma pumba kuingia kwenye bomba. Pumba za mpunga ukizichoma, karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake inabaki majivu, na majivu hayo karibu yote ni silika, kitu kile kile kilicho kwenye mchanga. Kwa hiyo skrubu inasagwa usiku na mchana kama kisu kwenye tupa. Tulipoifungua yetu, pindo la mbele lilikuwa limeliwa limekuwa butu, linang'aa kama kioo, ukipitisha kidole hakuna kona hata moja. Hapo magogo yalishaanza kutoka yamepasuka, mengine yanakatika mkononi. Tukapeleka kwa fundi wa kuchomelea Nyakato akajazia chuma, tukarudisha, ikaliwa tena. Kila ukijazia ni hela ya fundi, ni siku haina uzalishaji, na mkopo haujui kama mashine imelala.

Hilo si jambo la siri huko viwandani. Wanajua skrubu ni kifaa cha kubadilisha mara kwa mara, na wanajua pumba zinaila haraka kuliko vumbi la mbao. Ndiyo maana skrubu za akiba zipo kwenye orodha yao ya bei. Sisi orodha hiyo tulitumiwa tulipoanza kulalamika.

Mota nayo. Kibao kimeandikwa kilowati 18.5. Ilipoungua, fundi wa kusuka mota alifungua akakuta waya ndani ni alumini, si shaba. Na mota ya ukubwa huo inataka umeme wa njia tatu, ambao kuuvuta TANESCO ni gharama nyingine kabisa. Nani kwenye yale matangazo anakutajia hilo? Wanaandika dola, wanaweka alama ya moto, basi.

Kuhusu mzigo nitasema kifupi, maana wengi mmeshaumia. Ukiambiwa CIF Dar es Salaam, maana yake nauli na bima mpaka bandarini tu. Mkichangia kontena, nauli ya baharini mtaona ni rahisi ajabu, halafu wakala wa upande wa huku anakuja na ada za kushusha, kufungua kontena, nyaraka na kuhifadhi mpaka inazidi ile nauli. Ongeza VAT ya asilimia 18, na kama muuzaji hakufanya ukaguzi wa TBS kabla ya kusafirisha, utakaguliwa hapa kwa gharama yako. Kisha lori, zaidi ya kilomita 1,100 kuja Mwanza.

Sisemi kila kiwanda cha China ni cha wezi. Wapo wanaouza mashine nzuri, na bei yao inaonyesha. Hasira yangu ni kwa hawa wanaotaja bei ya mashine tupu, bila tanuri, wakijua kabisa mnunuzi anafikiri ni bei ya mtambo mzima wa kutoa mkaa. Na hasira kubwa zaidi ni kwa vijana wenzetu wa hapa hapa mjini wanaowatafutia wateja, wanakula kamisheni, wanamwambia mama wa Kisesa kwamba atarudisha hela yake ndani ya mwezi. Nyie mnajua pumba. Mmekulia kwenye mpunga. Mngeweza kumuuliza huyo muuzaji swali moja tu la skrubu.

Kwa anayetaka kuagiza: mtumie muuzaji gunia la pumba zako mwenyewe, akidai nauli mlipe. Akurekodie mashine ikifanya kazi kutwa nzima, kisha aifungue mbele ya kamera akuonyeshe skrubu. Salio, ile asilimia 70 inayobaki baada ya malipo ya awali, lisitoke kabla ya hapo. Akikataa, mwache. Njia nyingine ni mashine ndogo ya kukandamiza unga wa mkaa uliokwisha kuchomwa, ukishikanishwa kwa uji wa muhogo: haina hita, na mafundi wetu wanaweza kuitengeneza na kuirekebisha.

Mliokwisha kununua, nawaomba jambo moja. Kama unayo skrubu iliyodumu kwa pumba za mpunga za huku kwetu, weka picha yake, useme imefanya kazi saa ngapi na imejaziwa chuma gani. Picha za mkaa sitaki, nimeona za kutosha.