Tuliozeekea mchangani Moshi na Arusha, tupeane uzoefu

Wakuu habari za jioni. Niko hapa nafua jezi nikajikuta nacheka mwenyewe. Timu yetu ya mtaa hapa Pasua nilianza nayo 1988 nikiwa muokota mipira, leo nina wajukuu wawili na jezi bado zinalala kwangu, ziko 15, ya namba 9 ilienda Mererani na mwenyewe kutafuta mawe mpaka leo haijarudi. Mama watoto hana ugomvi na mpira, ugomvi wake ni sabuni ya unga. Haya leteni za kwenu.

Mtu wa Mistari, Unga Limited
Mi kazi yangu mistari mkuu, mwaka wa 20 na kitu huu. Chokaa ikikosekana napitia kwa mama lishe watatu wanne naomba majivu, natoboa kopo la rangi kwa msumari nafunga kamba nalikokota taratibu kufuata uzi. Shida upepo, haftaimu boksi lishafutika, mtu akiangushwa pale wote wananikimbilia mimi wanamuacha refa. Kuna siku wageni waliangushwa ndani kabisa mi nikasema nje. Sijawahi kumwambia mtu.

Kijana wa Sakina
Mi mchango wangu ulikuwa kelele tu 😂

Binti Majengo, Moshi
Mimi nimerithi kwa baba. Alikuwa anauza viatu vya mtumba soko la Memorial na Jumamosi ndo siku yenyewe ya hela, ila siku ya mechi saa nane anafunga turubai anaondoka. Beseni la machungwa ya haftaimu siku hizi nabeba mimi, nayakata vipande vinne vinne na mabeki wetu bado wanaiba kabla ya mpira kuanza. Sitasahau fainali ya mbuzi, mbuzi alikata kamba dakika za mwisho akatimkia mtaa wa Soweto, timu zote mbili na refa tukamfuata, tumempata giza limeingia na hakuna anayekumbuka matokeo yalikuwa ngapi.

Baba Wawili, Sombetini
Nyie mna pa kuchezea. Kiwanja chetu kimejengwa fremu, Arusha inapata uwanja wa AFCON 2027 wa watu 30,000 na sisi tunabembeleza uwanja wa shule, mwalimu anataka elfu 20 kila mechi. Bora hata tungeachiwa kona moja tukacheza saba saba.

Mleta uzi
Pole sana Baba Wawili, hiyo inauma kweli.
Mtu wa Mistari hebu subiri kwanza. 2009 tulikodi Hiace moja watu 19, mi nimekaa juu ya begi la jezi kuanzia Moshi mpaka huko kwenu Unga Limited, tukanyimwa penalti dakika ya mwisho na jamaa mmoja ameshika kopo. Ni wewe?

Mtu wa Mistari, Unga Limited
Mkuu mi nishalala.