Tupeane uzoefu: ulimfundishaje mwanao kupiga mswaki?

Mama Wawili
Habari zenu wazazi. Jana nimetoka kwa daktari wa meno na mwanangu wa miaka 8, moyo unaniuma mpaka sasa. Gego lake la chini limetoboka hadi likang'olewa. Nilikuwa najipa moyo kwamba ni la utoto, litaota jingine. Kumbe lile ni la ukubwani! Huota kwenye miaka 6 hivi, nyuma kabisa ya meno ya utoto, na hakuna jino linalong'oka kulipisha, ndiyo maana sikushtuka. Mwanangu kakaa nalo miaka 2 tu. Kila asubuhi nilimwambia "nenda kapige mswaki", anarudi mdomo unanukia dawa, nami naridhika. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Baba Neema
Pole sana dada. Mimi niliambiwa mtoto hasugui vizuri peke yake mpaka afike miaka 7 au 8, mikono bado haijakomaa. Kwetu Neema anakaa chini, mimi kwenye kigoda, analaza kichwa mapajani kama anayesukwa nywele. Natumia tochi ya simu. Mkao huo unayaona magego yote, hata lile la mwisho ambalo mswaki wake ulikuwa haulifikii. Dawa naweka kiasi cha punje ya njegere, anatema, hasukutui na maji mengi.

Mwalimu wa Darasa la Pili
Nilipowaambia watoto kwamba meno huliwa na wadudu, neno hilo liliniangusha darasani. Watoto walikuwa wanatafuta funza kwenye jino! Nikaacha maneno, nikachukua yai bichi nikalitumbukiza kwenye glasi ya siki. Likatoa mapovu. Kesho yake ganda limekwisha, limebaki yai laini linalobonyea kama puto. Nikawaeleza kwamba vijidudu visivyoonekana hula sukari ya pipi na soda, vikatoa asidi, na asidi hula jino vile vile. Kila mmoja alilishika lile yai. Wiki ile wazazi watatu walinisimamisha getini kuniuliza nimewafanya nini watoto wao.

Wa Arumeru
Jamani, na sisi wa huku mtusikie. Maji ya chemchemi nyingi chini ya Mlima Meru yana floridi nyingi, madini ambayo yakizidi hutia meno madoa. Meno ya kijana wangu yalitoka na madoa ya kahawia, nikadhani ni uchafu, nikawa namsugua kwa mkaa mpaka fizi zinatoka damu. Yale madoa yamo ndani ya jino, hayatoki kwa kusugua. Nimemwomba msamaha. Mdogo wake tangu anazaliwa tunampikia na kumnywesha maji ya mvua tuliyokinga.

Bibi wa Tanga
Wajukuu zangu jino likitoka tunalirusha juu ya paa, tunamwomba mjusi alete jipya. Siku hiyo wanafungua vinywa wenyewe kunionyesha, basi napitisha macho kote.

Mama Wawili
Asanteni sana. Leo usiku nimemlaza mdogo wake mapajani, ana miaka 6 kasoro. Nyuma ya magego ya utoto, upande wa kulia, fizi imepasuka kidogo na ncha nyeupe inachungulia. Nimeisugua polepole, mswaki nikiuingiza kwa upande. Kaka yake ndiye aliyeshika tochi.