MREJESHO: wahig, wayig, we'ig: maneno matatu au moja?

Asanteni. Niliuliza kwa nini "maji" katika Kimanobo cha Mindanao, Ufilipino, yanaandikwa kwa namna tatu. Jibu: Kimanobo ni kundi la lugha, si lugha moja, na hilo ni neno lilelile; laweza pia kumaanisha mto.

Kosa langu kubwa lilikuwa *telu* (tatu). Nilisoma e ya Kiswahili, kumbe ulimi unakaa katikati, mdomo nusu wazi, sauti hafifu.

Daftarini nimetenga *lima*: huko ni tano, si kulima! *Mata* ni jicho, *manuk* kuku. Sasa kila neno naliandikia jina la lugha yake, mfano Matigsalug au Ilianen, vinginevyo orodha inachanganyika.