MREJESHO: Kifusi cha zege kwenye barabara ya kijiji, Moshi Vijijini

Wakuu, niliuliza kama mabaki ya jengo lililobomolewa mjini yanafaa kwa mita 100 za barabara ya kijiji ambako magari hukwama kila masika. Yanafaa, ila si kumwaga tu.

Hesabu: upana mita 4, unene sentimita 15 baada ya kushindilia, ni kyubiki (mita za ujazo) 60. Kikiwa bado hakijashindiliwa, weka kama kyubiki 78. Tripu tano na ushee za tipa la kyubiki 15.

Kazi kubwa ni kuchambua. Jipsamu itoke yote maana ikilowa inalainika, na mbao zikioza zinaacha mapengo. Misumari na nondo msiseme "zitazama": zinaibuka na kutoboa tairi za bodaboda. Zege livunjwe lisizidi sentimita 10. Bonge kubwa likibaki, rola linapanda juu yake na pembeni panabaki laini; hapo ndipo shimo linapoanzia. Tofali za kuchoma zisiwe nyingi, zinasagika.

Zege kuukuu linanyonya maji kuliko changarawe. Limwagiwe jana yake, kisha tena kabla ya rola, la sivyo halishikani. Juu funika kwa moramu (udongo wenye changarawe), katikati pawe juu kuliko kingo kwa sentimita 10.

Mitaro ichimbwe kabla ya kifusi kushushwa, na udongo wake usirundikwe ukingoni, unazuia maji yasitoke barabarani. Kwenye udongo mweusi wa tambarare, kwanza ondoeni ule wa juu.