Waliofanya kazi kwa mbali katika kampuni za programu: ni nini hasa kilichowaridhisha?

Swali

Habari zenu ndugu. Nimepewa nafasi ya kuandika programu katika kampuni isiyo na ofisi kabisa. Kila mfanyakazi hufanyia kazi pale alipo. Kwa miaka sita nimezoea kukaa meza moja na wenzangu, na nikikwama humgeukia aliye jirani. Nisichokihofia ni intaneti wala kompyuta; nachohofia ni kukaa nusu siku nimekwama bila wa kumwuliza, na pengine kusahauliwa vyeo vinapogawanywa. Naomba walioionja kazi hii wakairidhia waniambie kilichowaridhisha.

Jibu la kwanza

Ndugu muulizaji, mimi niko katika mwaka wa tano wa kazi hiyo na sina mpango wa kuondoka. Raha ya kuepuka foleni za asubuhi ipo, lakini huzoeleka ndani ya miezi miwili. Kilichonibakiza ni kwamba kila uamuzi huandikwa.

Katika juma langu la pili nilikuta ndani ya hifadhidata safu iliyoitwa tarehe ya kufunga akaunti, ilhali kilichohifadhiwa humo kilikuwa tarehe ya malipo ya kwanza. Kule ofisini nilikotoka ningeambiwa tu, "Iache hivyo hivyo, ina historia yake." Hapa nilitafuta jina la safu hiyo katika kumbukumbu za mradi, nikakuta mjadala wa miaka mitatu nyuma baina ya watu wanne, wawili kati yao wakiwa wameshaondoka, wakieleza kwamba programu ya wahasibu huisoma safu hiyo kwa jina lake, na kwamba kuibadilisha kungevuruga ripoti zote. Nilisoma kwa dakika kumi nikaelewa, na walioondoka hawakuondoka na siri hiyo.

Kuhusu kukwama, kwetu ukifikisha saa moja bila kusonga unatakiwa uandike ulichokusudia, ulichojaribu, na ujumbe wa kosa neno kwa neno. Mara nyingi (nakiri kwa aibu kidogo) jibu hunijia kabla sijalituma swali. Anayekagua msimbo wangu (maandishi ya programu ninayoiandika) yuko nchi ambayo saa zake ziko nyuma ya zangu kwa saa saba, kwa hiyo kila mara nina kazi mbili: moja inayosubiri ukaguzi wake, na nyingine iliyo mkononi. Asubuhi nikifungua kompyuta nakuta maoni yake yamenisubiri.

Jibu la pili

Naongezea kwamba jambo hili si geni katika fani yetu. Kiini cha Linux, mfumo endeshi wa kompyuta, kimejengwa tangu 1991 na watu waliotawanyika duniani, wengi wao wakitumiana viraka (vipande vya mabadiliko ya msimbo) kwa barua pepe, na Git yenyewe, programu ya kutunza historia ya mabadiliko hayo, iliundwa mwaka 2005 kwa ajili ya kazi hiyo hiyo.

Hofu yako ya cheo, hata hivyo, usiipuuze. Nicholas Bloom wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake waliifuatilia kampuni ya usafiri ya Ctrip ya China kwa miezi tisa kuanzia mwishoni mwa 2010, ambapo wafanyakazi waliojitolea waligawanywa kwa bahati nasibu, baadhi wakabaki ofisini na wengine wakafanyia kazi nyumbani siku nne kwa juma. Utendaji wa waliokuwa nyumbani ulipanda kwa asilimia 13, lakini ukiwalinganisha na wenzao wa ofisini wenye utendaji sawa, walipandishwa cheo mara chache zaidi. Hao walikuwa wahudumu wa simu, si waandishi wa programu, na meneja alikuwa na watu wa kuwaona kwa macho. Katika kampuni isiyo na ofisi, hakuna anayekaa karibu na meneja kuliko wewe.

Jibu la tatu

Wenzangu wamesema kweli, ila upweke wameuruka. Mimi mwezi wa tatu niligundua kwamba nimemaliza siku mbili bila kuongea na mtu kwa sauti. Tangu hapo kila Jumatano tunapigiana simu na mwenzangu mmoja kwa nusu saa, na kazi hairuhusiwi kutajwa. Vilevile, tafuta mahali pa kuifungia kompyuta ikifika jioni, kwa sababu kazi ya nyumbani haina kengele ya kutokea.

Muulizaji

Nawashukuru nyote. Kabla ya kusaini niliwaomba wanionyeshe uamuzi mmoja wowote waliouandika mwaka huu. Walinitumia waraka wa kurasa tatu kuhusu kuhamisha seva, majina ya wateja yakiwa yamefutwa. Pembeni mwake mfanyakazi aliyekuwa na majuma matano tu kazini alikuwa amepinga tarehe ya kuhama, na chini yake mkuu wa kitengo ameandika kwamba hoja ni ya kweli na tarehe inasogezwa. Naanza Jumatatu ijayo.