MJADALA: Nani hasa alimrudishia Ingeborg taji lake: Papa, mfalme, au yeye mwenyewe?

Mleta mada

Wakuu, heshima kwenu. Akitajwa Philippe Auguste, aliyetawala Ufaransa kuanzia 1180 hadi 1223, tunasimuliwa alivyowanyang'anya Waingereza Normandy mwaka 1204, alivyoshinda vita vya Bouvines mwaka 1214, na ukuta aliouzungushia mji wa Paris. Sawa. Leo naomba tuingie nyumbani kwake, maana humo kuna kesi iliyochukua miaka 20, na hadi leo wasomaji wa historia hawajaelewana nani aliishinda.

Tarehe 14 Agosti 1193, mjini Amiens, Philippe alimwoa Ingeborg, dada wa Knut VI, mfalme wa Denmark. Bwana harusi alikuwa mgane wa miaka 27. Bibi harusi hakuwa amefika 20, na Kifaransa hakukijua. Kaka yake alitoa maki 10,000 za fedha (kule mali ilitoka upande wa mke kwenda kwa mume, kinyume cha mahari tunayoijua sisi). Kesho yake, katikati ya ibada ya kumtawaza malkia, mfalme akaonekana amesawajika na kutetemeka. Ibada ilipokwisha akataka binti wa watu arudishwe kwao. Sababu yake ya kweli haijajulikana mpaka leo.

Novemba mwaka uleule likaitishwa baraza Compiègne. Mwenyekiti alikuwa askofu mkuu wa Reims, ambaye ni mjomba wa mfalme! Wakachora ukoo wa kuonyesha kwamba Ingeborg ni jamaa wa karibu wa Isabelle wa Hainaut, mke wa kwanza aliyefariki 1190, kwa hiyo, kwa sheria ya Kanisa, ndoa ni batili. Ingeborg alipotafsiriwa hukumu alilia, akatumia Kilatini kidogo alichokuwa nacho: "Mala Francia! Roma, Roma!" Ufaransa mbaya! Roma, Roma! Hapo alikuwa anakata rufaa kwa Papa.

Msimamo wangu ni kwamba maneno yale manne, na ukaidi wake wa miaka 20 wa kutoyafuta, ndiyo yaliyomrudishia taji. Papa alifuata nyuma. Karibuni mnipinge.

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, umemhukumu mfalme bila kumsikiliza. Mtazame kama mtawala. Alikuwa na mtoto mmoja tu wa kiume, Louis, aliyezaliwa 1187, na mwaka 1191 mtoto huyo aliugua hadi watu wakakata tamaa. Baba yake Philippe mwenyewe alioa mara tatu ndipo akampata yeye. Mtu aliyekulia katika hofu ya ufalme kukosa mrithi hawezi kukaa amefungwa kwenye ndoa isiyokwenda. Alihitaji mke wa kumzalia, ndiyo maana mwaka 1196 akamwoa Agnès wa Merania, na akapata naye binti na mtoto wa kiume.

Mchangiaji wa pili

Mimi nampinga mleta mada kwa upande mwingine. Bila Papa, Ingeborg angesahaulika. Papa Celestine III aliitangaza hukumu ya Compiègne kuwa batili mwaka 1195. Alipokuja Papa aliyemfuata, Innocent III, ndiyo mambo yakawa mambo: Januari 1200 huduma za Kanisa zikasimamishwa katika ardhi za mfalme. Milango ya makanisa ikafungwa, maiti hazikuzikwa kwenye ardhi iliyobarikiwa. Mei mwaka huo mrithi Louis alipomwoa Blanche wa Castilla, ilibidi harusi ikafungiwe upande wa Normandy, ambao wakati huo ulikuwa wa mfalme wa Uingereza, kwa sababu kwa baba yake haikuwezekana. Mfalme anashindwa kumwozesha mwanawe nyumbani kwake! Septemba akanywea, akaahidi kumrudisha mkewe. Sasa utasemaje Papa alifuata nyuma?

Mleta mada

Naanza na ndugu wa kwanza. Hoja ya mrithi ni nzito, lakini inamgeuka mfalme mwenyewe. Anayetafuta mtoto hamfukuzi mke kijana siku ya pili. Na haikuwa mara yake ya kwanza. Mwaka 1184 alitaka kumwacha Isabelle, binti wa miaka 13 hivi. Isabelle akazunguka makanisa ya Senlis miguu mitupu akiomba, mafukara na wakoma wakajazana mbele ya kasri kumtetea, mfalme akarudi nyuma. Isabelle huyohuyo ndiye aliyemzalia Louis.

Ndugu wa pili, sikatai kwamba zile huduma zilizosimamishwa zilimuuma mfalme. Lakini endelea mbele kidogo. Ahadi ya Septemba ilikuwa ya mdomoni. Machi 1201 kesi ikasikilizwa Soissons. Mfalme alipoona upepo unamgeukia, alimchukua Ingeborg ghafla akaondoka naye, kesi ikakatika, kisha akamfungia katika ngome ya Étampes. Agnès akafariki Julai mwaka huo, na Novemba Innocent akawahalalisha watoto wa Agnès. Makanisa hayakufungwa tena kwa ajili ya Ingeborg, na kifungo kikaendelea miaka kumi na zaidi.

Someni barua aliyomwandikia Papa kutoka kifungoni. Watu wa kwao hawaruhusiwi kumwona, chakula hakitoshi, nguo si za malkia, hata kuoga na kupata mganga ananyimwa. Kuna mahali nimepasoma mara nyingi: anamwomba Papa kwamba, ikiwa siku moja atalazimishwa kwa vitisho aseme neno dhidi ya ndoa yake, neno hilo lisihesabiwe. Mfungwa, peke yake, anaifunga njia ambayo wapinzani wake wangeitumia kumvunja! Mfalme alitaka aingie utawani, akakataa. Alidai kwamba Ingeborg alimroga asiweze kumkaribia, naye akashikilia kuwa ndoa ilikamilika usiku wa harusi. Angekubali mara moja tu, kesi ingekwisha, na Papa asingekuwa na cha kutetea.

Mchangiaji wa tatu

Nawaunga mkono nusu nusu. Jamani, mwaka 1213 Philippe alipomrudisha Ingeborg, hakufanya hivyo kwa sababu ya barua wala imani. Alikuwa anajiandaa kuivamia Uingereza, na Denmark ilikuwa na madai ya zamani kwenye kiti cha enzi cha Uingereza, pamoja na merikebu. Ingeborg alirudishiwa heshima ya malkia, si unyumba. Na mbona hamumlilii Agnès? Naye alikuwa mtu, akafa huku Roma ikimhesabu hawara. Swali langu kwa mleta mada: kwa nini Ingeborg hakurudi kwao tu, akaolewa na mtu anayemtaka?

Mleta mada

Dada, kuhusu Agnès nakiri, nilimpita haraka na sikumtendea haki. Kuhusu Uingereza nakubali pia. Ila mfalme alipomhitaji malkia wa Kidenmark, alimkuta bado ni malkia. Angekuwa mtawa au mke wa mwingine, mwaka 1213 usingemfaa kitu.

Kwa nini hakurudi? Mimi naona hakujihesabu mgeni. Kitabu chake cha Zaburi kilichochorwa kwa dhahabu kipo hadi leo Chantilly, karibu na Paris. Kwenye kalenda ya kitabu hicho zimeandikwa siku walizokufa baba yake Valdemar na mama yake Sofia. Na mwishoni mwa Julai pameandikwa ushindi wa Bouvines, siku Philippe, mfalme wa Ufaransa, alipomshinda Otto, kaisari wa Ujerumani, vitani. Ameuweka ushindi wa yule aliyemfungia Étampes katika kitabu kilekile cha kuwaombea wazazi wake.

Mfalme alipofariki 1223 alikuwa amemwachia pauni 10,000 katika wosia, na Louis, mtoto wa Isabelle, akamtambua kuwa mjane wa baba yake. Ingeborg aliishi zaidi ya miaka 10 baada ya hapo, akazikwa Corbeil.