Baba mkubwa bado analala kama yuko vitani, naomba ushauri
Habari zenu ndugu zangu. Niko Muheza, Tanga. Sisi ni Wamakonde. Babu alikuja huku kukata mkonge, baba mkubwa akabaki Msumbiji, akapigana vita vya wenyewe kwa wenyewe vya huko hadi mkataba wa amani wa Roma wa 4 Oktoba 1992 uliovimaliza. Sasa uzeeni tumemleta tukae naye.

Usiku kitanda hakitaki. Analala mkekani nyuma ya mlango, viatu miguuni, kamba zimefungwa. Juzi fataki za harusi zililia, akawalaza wajukuu sakafuni na kuwafunika kwa mwili wake.

Shangazi anataka wazee wamwogeshe dawa na kufanya tambiko, kama walivyofanyiwa wapiganaji wengi kule Msumbiji waliporudi makwao. Mimi nawaza hospitali ya Bombo. Je, vyote viwili vinapatana? Na nimuulize ya vita, au nisubiri aseme mwenyewe?